Kiti cha Mgonjwa

Sista aliyetusimamia alikuwa katili. Najua wapo watakaokasirika nikisema hivyo, maana siku hizi akitajwa watu hupangusa macho na kusema alitufunza kazi. Alitufunza, ndiyo, hata mimi alinifunza. Lakini mtu anaweza kukufunza kazi na bado akawa katili, na huyu alikuwa katili wa kusema taratibu, bila kupandisha sauti, huku akitazama ile saa yake aliyoibana kifuani kwa pini.

Tulikuwa wauguzi wa wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya Kampala, wasichana tuliotoka kupata vyeti juzijuzi. Madaktari walikuwa wamekimbia mmoja mmoja. Huyu alikwenda Nairobi kumzika shangazi, yule alikwenda kusoma, na hakuna aliyerudi. Sista akaamua kwamba kama hakuna daktari, sisi ndio tutakaokaa na wagonjwa na kuwasikiliza, naye atatusimamia katika kusikiliza kwetu, kila Alhamisi mchana, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka.

Usimamizi wake ulikwenda hivi. Ulikuja na maneno ya mgonjwa wako, ukaeleza alivyosema na ulivyomjibu. Kisha mwenzako mmoja alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akawa ndiye yeye, akasema "mimi" na "watoto wangu", nawe ukamhoji upya mbele ya wote. Sista alikaa pembeni akisikiliza. Siku moja nilimwambia aliyekaa kitini, "Pole sana, dada." Sista akanisimamisha, akaniuliza hiyo pole ni ya nani. Nikasema ya mgonjwa.

"Ni yako," akasema. "Unajipoza wewe, ili yeye anyamaze."

Nilikwenda kulia chooni. Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Jina la mgonjwa halikuingia chumba kile, wala mahali anapokaa. Aliyejua ni yule anayemhudumia tu. Hata Sista mwenyewe hakutaka kuambiwa, na hatukuandika kitu. Nyakati zile za utawala wa wanajeshi mtu alikuwa anachukuliwa mchana kweupe, anatiwa kwenye buti ya gari, na watu wanaendelea kununua nyanya kana kwamba hawajaona. Kwa hiyo kanuni ile tuliielewa.

Kati yetu alikuwemo rafiki yangu, Muganda wa Lubaga, mcheshi, mwenye mdomo kweli. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, baba yangu alitoka kaskazini, Kiswahili nimekua nacho. Chake kilikuwa cha kuokoteza, maana kwao kilihesabiwa lugha ya askari na wezi. Alizoea kunitania kwamba nikianza kusema Kiswahili, watu wa Lubaga wanaficha kuku. Nilimpenda kuliko dada zangu wa damu, na dada zangu walilijua hilo.

Basi nikampata mgonjwa, mke wa askari, anakaa mtaa wa Bwaise. Alikuwa hapati usingizi, chakula hakishuki, anaongea peke yake. Baada ya kuja mara kadhaa akanieleza. Wanajeshi wa kabila la mumewe walikuwa wanauawa na wenzao kambini. Mumewe alitoroka, akajificha juu ya dari ya nyumba yao, na yeye alikuwa akimpandishia chakula. Aliongea peke yake makusudi, ili majirani wakisikia sauti wadhani ni wazimu wake. Na sasa hakuwa na hakika tena kama ni makusudi.

Alhamisi nikapeleka maneno yake stoo. Rafiki yangu akakaa kitini. Kawaida tulizungumza Kiingereza, lakini Sista aliniuliza mgonjwa alinieleza kwa lugha gani. Nikasema Kiswahili. Akasema basi na iwe Kiswahili, kwa sababu uchungu ukitafsiriwa unapungua.

Ala! Mwanamke aliyefikiri kila kitu, hilo hakulifikiri. Nje kwenye varanda, karibu na dirisha letu, alikuwa anakaa askari aliyemlinda ofisa wa jeshi aliyelazwa wodi ya pili. Alhamisi zote hizo Kiingereza chetu kilikuwa kinampita tu. Kiswahili ndiyo lugha aliyoamrishwa nayo tangu siku aliyovaa sare.

Rafiki yangu alianza huku akitabasamu, kwa Kiswahili chake kile kilichopinda. Kisha tabasamu likamtoka.

"Bwana yangu iko juu ya dari," akasema. "Mimi napikia yeye. Gari ya jeshi ikipita, roho yangu nasimama."

Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Sikuwahi kumwona mtu akifanya vizuri namna ile. Hata Sista aliacha kutazama saa.

Askari akafungua mlango. Akamwuliza rafiki yangu bwana yake yuko kwenye dari gani. Sista akasimama, akaeleza kwa upole kwamba haya ni masomo, maneno ya kubuni, na binti huyu hana hata mume.

Askari akamtazama rafiki yangu usoni.

"Masomo gani nalia?" akasema.

Wakaja wengine, wakamchukua na sare yake ya uuguzi. Nilitaka kupiga kelele, Sista akanibana mkono hadi kucha zikaingia. Akaninong'oneza kwamba nikisema wanakufa wawili, mgonjwa wangu na mumewe, na huyu hata hivyo hawatamrudisha. Siku hiyo hiyo walikwenda Lubaga wakabomoa dari ya nyumba ya mama yake kwa vitako vya bunduki. Hawakukuta mtu. Nilipotaka kwenda Bwaise kumwonya mgonjwa wangu, Sista akanikataza, akasema nitawaongoza njia. Mwanamke akaendelea kuja kwangu siku zake, akiniambia afadhali anapata usingizi kidogo, nami namsikiliza na kutikisa kichwa kama nilivyofunzwa. Nilimchukia. Nilimchukia kwa kila tonge alilosema limeshuka.

Alhamisi iliyofuata, kiti cha mgonjwa kilikuwa mahali pake. Sista akaketi, akauliza kwa Kiingereza nani ana mgonjwa. Nikamwambia hana roho. Akanijibu kwamba wodi imejaa, kisha akarudia swali.

Rafiki yangu aliachiwa baada ya majuma mengi. Alikuwa amekiona cha mtema kuni. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na jicho moja lilikuwa linatoa maji muda wote. Waliomwachia walimwambia watakuwa wanapita kumsalimu, na kweli walikuwa wanapita.

Mimi na Sista tulikwenda kumwona. Mama yake akatutandikia mkeka, akatuletea chai ya maziwa, sukari ilivyokuwa adimu miaka ile. Juu yetu dari ilikuwa bado wazi, mabati yanaonekana. Sista akafanya kama tulivyofanya stoo. Akanyamaza, akangoja.

"Waliniuliza jina la huyo bwana," rafiki yangu akasema mwisho. "Ningewapa, Sista. Siku ya kwanza tu ningewapa. Sikuwa nalo."

Sista akasema hiyo ndiyo maana ya kanuni. Naapa alisema hivyo, kikombe kikiwa mkononi.

Rafiki yangu akanigeukia mimi. Akasema waliuliza pia ni nani alikuwa anamhoji siku ile, maana askari alisikia sauti mbili, hakujua ya pili ni ya nani kati yetu. Jina langu alikuwa nalo. Wakati vidole vinavunjwa alikuwa nalo, na hakulitoa.

"Sasa niambie," akasema. "Anaitwa nani yule mwanamke? Nijue tu nimevunjwa kwa ajili ya nani."

Sista akasema, "Hapana," kabla sijafungua mdomo. Hakuwa na haja ya kulisema. Rafiki yangu alikuwa ametuambia mwenyewe kwamba angewapa, wale watu walikuwa wanapita pale wakitaka, na mume wa mgonjwa wangu alikuwa bado juu ya dari kule Bwaise. Nilimtazama machoni. Nilitaka kumwambia kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Sikumwambia.

Mama yake akainama, akachukua kikombe cha Sista, akachukua na changu, chai ikiwa nusu, akatoka akaimwaga uani. Kisha akasimama mlangoni, ameushika mlango wazi, akingoja tutoke.