Macho Hupakwa Mwisho

Siku ya kwanza kazini sikupewa rangi, nilipewa kitambaa. Chef wa gereji, mtu mrefu mwenye kovu la moto shingoni, alinionyesha ndoo ya diluan, yale maji makali ya kuyeyusha rangi, akaniambia nisafishe pistole zote kabla ya mchana. Pistole ni chombo kikubwa cha kupulizia gari rangi. Nilisafisha mpaka vidole vikachubuka. Jioni akazichungulia moja moja kwenye jua, akakuta wekundu kidogo umebaki kwenye nyuzi za skrubu ya mojawapo, akanitupia miguuni bila hata kunitukana. Nilimchukia mwaka mzima. Ninyi vijana mnaokuja kwangu na simu zenu kuniuliza mnunue aerografu gani, jibu langu linaanzia kwenye ndoo ile. Kama hamna subira, nendeni mkamwulize mwingine.

Aerografu ni mdogo wake pistole. Unaishika kama kalamu. Ndani yake kuna sindano moja ndefu, mbele kuna mdomo mdogo ambamo ncha ya sindano inakaa sawasawa, juu kuna kikombe cha rangi, na hewa inatoka kwenye kompresa kwa mpira. Ziko za namna mbili. Kuna ile ambayo ukibonyeza kitufe, hewa na rangi vinatoka pamoja. Hiyo mkapakie banda la kuku. Nyingine, ukibonyeza unapata hewa, ukivuta nyuma ndipo rangi inakuja, kidogo au nyingi kadiri kidole chako kinavyotaka. Hiyo ndiyo ya kazi ndogo ndogo: vile vigari vyenu vya kuchezea, mitumbwi ya mbao ya kuweka juu ya televisheni, kofia za pikipiki, na sura za watu. Mimi nilipaka sura za watu, na wengi wao walikuwa wamekufa.

Chef wa gereji ndiye aliyenipa aerografu ya kwanza, kuukuu, ya kuandikia majina kwenye malori. Kisha gereji ikafa, kama vitu vingi vya mji huu, nikachukuliwa na watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye msitu wa Masako. Walitaka wanyama wa plasta wa kuwaonyesha wanafunzi: panya wa porini, vyura, nyoka. Mkubwa wangu pale alikuwa Madame Chef de Travaux, kama tulivyomwita kwa cheo chake cha chuo kikuu, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Alinikalisha asubuhi nzima mbele ya chura mmoja kwenye chupa, mikono mitupu, nitazame tu. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba ndiye mwalimu pekee niliyewahi kuwa naye.

Pale Masako nilijifunza kwamba chombo kizuri cha kwenye vitabu si lazima kiwe kizuri huku kwetu. Mnapenda mdomo mwembamba kabisa, wa milimita sifuri nukta mbili, kwa sababu unachora hata unywele. Kweli unachora. Lakini kwa joto hili rangi inakauka kwenye ncha ya sindano kabla hujamaliza sikio moja, unakaa unazibua badala ya kupaka. Chukueni wa sifuri nukta tatu, na mchanganye rangi nyepesi kama maziwa. Mwulizeni muuzaji kama ana sindano na midomo ya akiba. Akianza kutazama dari, acheni, hata kama chombo kinang'aa namna gani.

Ukimaliza rangi moja, tia diluan kwenye kikombe, ziba mdomo kwa kitambaa, puliza, mapovu yarudi kwenye kikombe, mwaga, rudia mpaka diluan itoke nyeupe. Sindano itoe taratibu, ifute kuelekea kwenye ncha, irudishe mpaka iguse tu. Ukiisukuma kwa nguvu unapasua mdomo, na mdomo ukipasuka ni basi. Usitumbukize chombo kizima kwenye diluan kama mtu anayeloweka mihogo, vipete vya mpira vitavimba. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kazi yetu hata ukuta hujengi, unatupa chombo na kuanza kutafuta kingine, na hapa mjini utatafuta sana.

Adui mkubwa kuliko yote ni maji. Hewa ya mji huu ni nzito, mnaijua, shati halikauki. Kompresa inaikamua hewa hiyo, maji yanakaa chini ya tangi. Usipoyatoa kila asubuhi kwa kile kibomba cha chini, na usipoweka chupa ya kuchuja njiani, siku moja yatapanda na mpira na kutema tone juu ya kazi yako. Haya niliyajua mapema. Patron, bwana wangu wa mwisho kazini, pia aliyajua vizuri.

Patron alikuwa na atelye, karakana ya misalaba, katika komini ya Kisangani hapa mjini, si mbali na soko. Mnajua desturi: matanga yakiisha, familia inakusanyika kwenye parsele yao, kiwanja cha nyumba yao, na msalaba wa marehemu unafunuliwa mbele ya wote kabla ya kupelekwa kaburini. Patron aliweka sura ya kupakwa juu ya msalaba, kwa sababu picha ya karatasi inaliwa na mvua msimu mmoja tu. Mimi nilipaka ngozi, nywele, nguo. Macho aliyapaka yeye mwenyewe, mwisho kabisa. Alisema msalaba bila macho yake ni mbao. Majivuno alikuwa nayo, lakini na mkono alikuwa nao, siwezi kumnyima.

Donc, basi, ikaja familia moja ya asili ya Isangi, wavuvi waliohamia mjini. Msichana wao Nadège, mwanafunzi, alikuwa amekufa kwa homa, haraka mno, hata dawa hazikupata nafasi. Aliyeleta picha ni baba yake mdogo, Tonton Roger, ndiye aliyeongoza familia. Siku ya macho mvua ilinyesha tangu alfajiri na umeme ukakatika. Patron akatuma watu waazime kompresa ya mafuta kwa kado, fundi wa matairi ng'ambo ya barabara. Kompresa ile haikuwa na chupa ya kuchuja, na maji yake yalikuwa hayajawahi kutolewa tangu izaliwe. Nilimwambia tungoje, au tuyatoe kwanza. Akajibu kwamba kibomba cha chini kimeshikwa na kutu, na kwamba watu wa matanga hawangoji.

Akapaka jicho la kulia, safi kabisa. Kwenye la kushoto chombo kikakohoa. Tone likatua chini ya jicho, likavuta weusi uliokuwa bado mbichi, likashuka nao hadi shavuni. Patron akafuta kwa ncha ya kitambaa, akaharibu zaidi, akapitisha vanishi juu, akasema kwa mbali haionekani.

Ilionekana. Kesho yake kitambaa kilipotolewa, mama mmoja alisema mtoto analia, na parsele nzima ikaanza kulia naye. Halafu, kama kawaida yetu, wakaacha kulia wakaanza kuuliza. Maiti halii bure. Nani anamliza? Watu wakamgeukia koko Marceline, mjane mzee, shangazi wa baba yake Nadège, aliyekuwa akilala chumba kimoja na mtoto huyo. Yeye ndiye aliyempikia chakula cha mwisho. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumsemea. Mwajua wenyewe kizee wa namna hiyo anaitwa nani katika mji huu.

Habari nilizipata kwa mwenye baiskeli aliyebeba msalaba. Nikaenda moja kwa moja kwa Patron, nikamwambia twende tukawaeleze kwamba ni maji ya kompresa. Hakupandisha sauti.

"Vieux," aliniita, yaani mzee, "ukisema iko kosa yetu, nani ataleta tena musalaba hapa?"

"Patron, watamufukuza ule mama. Ao watamupiga."

"Ile iko mambo ya familia. Sisi tunapaka."

Nilitoka kwa hasira. Nilimwomba kado kompresa yake, tukaisukuma kwa mkokoteni, matope hadi kwenye vifundo, mpaka kwa familia ile. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, Tonton Roger katikati. Koko Marceline alikuwa kwenye kigoda karibu na ukuta wa jikoni, na watu walikuwa wameacha nafasi kubwa kumzunguka. Nilieleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi. Nikaweka kartoni nyeupe, nikapuliza weusi. Mstari wa kwanza ulitoka safi, nikasikia mtu akichekea puani. Wa pili, safi. Kwenye wa tatu chombo kikatema, tone likashuka na rangi, sawasawa na lile la msalabani. Nikarudia, likatoka tena. Niliipitisha kartoni mikononi mwa kila mmoja. Nilifurahi, nawaambia kweli, nilidhani nimemwokoa.

Tonton Roger aliishika kartoni ile muda mrefu. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mkali.

"Papa, tumeona," alisema. "Maji iko maji, hakuna mutu anabisha. Lakini sura iko na paji, iko na pua, iko na nywele. Sababu gani ilianguka ku jicho?"

Nilisema lingeweza kuanguka popote.

"Bon. Lakini haikuanguka popote."

Wazee wakaitika. Nikaanza kufungasha vyombo. Nilipokuwa nakunja mpira wa hewa, koko Marceline aliniita kwa mkono. Nikainama karibu naye, nikidhani atanishukuru.

"Mwanangu, ungeniacha," alisema polepole. "Walikuwa wananongona tu. Sasa wamesema mbele ya watu. Mutu akisema mbele ya watu, hawezi kurudi nyuma."

Asubuhi yake aliondoka, au aliondoshwa, sijui lipi ni neno la haki, akachukua njia ya Bengamisa kwa ndugu yake aliyekuwa akilima huko. Mimi nami nikafukuzwa kazi, kwa sababu habari ya maji ilienea sokoni na watu wakaanza kumcheka Patron. Angalieni mambo hayo. Mji mzima ulisadiki ni maji pale ilipokuwa kumcheka mtu, lakini kumrudisha yule mama nyumbani, ng'o.

Tangu hapo nilifanya kazi kwangu, barazani. Niliweka sheria moja: macho yanapakwa mwisho, na yanapakwa mbele ya watu wawili wa familia, waone maji yakitolewa, waone chombo, waone mkono wangu. Wengi walilalamika kwamba ninawapotezea wakati, nikawaambia wapeleke msalaba kwingine. Sasa kifua kimechoka, maana ujanani hatukuvaa barakoa, tulijiona mabingwa. Ninyi vaeni. Nimeacha kazi, napaka mitumbwi midogo ya mbao kwa raha yangu, na mnaponisumbua nawafundisha.

Mwezi uliopita Tonton Roger alikuja hapa. Amezeeka sana. Akaniambia koko Marceline amekufa huko Bengamisa, na familia inataka msalaba wenye sura yake. Nikamwuliza mapenzi haya yametoka wapi leo. Akatazama chini, akasema watoto wa nyumbani wanaumwa ovyo, na wameona afadhali wamtengenezee vizuri asije akawafuata. Kwa hiyo hata amekufa bado ni mchawi wao. Nilitaka kumfukuza, Mungu anajua. Nikamwomba picha. Akasema hakuna, walizichoma zote alipoondoka. Nikamwambia basi anieleze sura yake ilikuwaje. Alifungua mdomo, akafikiri, akasema alikuwa mzee tu, kama wazee wengine.

Kazi niliichukua, si kwa ajili yao. Sura ile ninayo, niliiona kwa karibu siku aliponiita, na mambo ya siku ile hayanitoki. Nilipaka paji, mashavu, kilemba chake cha kitenge. Nikapaka kidogo kidogo, nikipumzika. Yalipobaki macho nikatuma neno, familia ije. Wiki ikapita. Nikapiga simu. Tonton Roger akasema nimalizie tu, wao watakuja kuuchukua ukiwa umefunikwa. Nikamwambia kama yeye hana nafasi atume mwingine yeyote, hata mtu mmoja.

"Papa, tumeulizana wote," alisema. "Hakuna mwenye anaweza kumuangalia."

Kwa siku kadhaa msalaba ulisimama pale ukutani bila macho, nami nikawa nakwepa kupita mbele yake. Jana asubuhi nilitoa maji kwenye kompresa, nikafuta sindano, nikajaza kikombe. Kisha nikamwita mke wangu aliyekuwa jikoni anatwanga pondu, yaani kisamvu. Akauliza kuna nini tena. Nikamwambia achukue kiti akae hapa mbele, awe mmoja, nami nitakuwa wa pili, leo sisi ndio familia ya huyu mama. Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akakaa, akautazama uso ule.

"Alikuwa anaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia, nikaanza kupaka.