Uji Usiopenda Jua

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini Mindra wa kijiji cha Ombaci hata gae lenyewe lilikuwa likimponyoka. Miaka thelathini aliuza mitungi sokoni Arua, Uganda, kisha madumu ya plastiki yakaja yakammaliza. Watu walipita mbele ya vyungu vyake kama hawavioni, na hilo ndilo lililomuuma: si njaa, bali kutoonekana.

Basi Drani, mhandisi mwenye karakana chini ya Arua Hill, alipomfuata nyumbani akitafuta mtu anayejua tanuru, Mindra hakuuliza mara mbili. Kazi yenyewe, jamani, ilikuwa ya ajabu. Unga mweupe wa udongo ulikorogwa na gundi ya majimaji ukawa uji mzito, ukaletwa kwa pipa kutoka mbali. Mashine ikaumulika uji ule kwa mwanga, na kila palipomulikwa pakaganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikatoka kisahani chenye matundu madogo kama ya chekeche. Kisahani kikishaoshwa kwa spiriti, kinachomwa. Gundi inaungua yote, linabaki gae gumu la kuchujia maji. Drani alimpa mwezi mmoja wa kujaribiwa, na mwezi ulikuwa unaisha Ijumaa, siku ambayo visahani thelathini vilitakiwa mjini Koboko.

Jumatano spiriti ikaisha. Rosa Kiden, mama mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeendesha mashine, akajifunga kitenge aende kununua.

"Mama Mindra, acha yote kwa meza. Mimi narudi sasa hivi."

Sasa hivi ya sokoni unaijua. Mindra akabaki anavitazama visahani thelathini vinavyong'aa umajimaji. Mkono ukamwasha. Mama yake alimfundisha, na bibi yake kabla ya hapo: chombo kibichi hakisogezwi karibu na moto mpaka jua likinywe maji. Na jua la Januari lilikuwa pale nje linawaka bure! Akavipanga kwenye ungo. Ungo ukatosha ishirini na saba, vitatu akaviacha mezani. Baada ya saa nzima akavirudisha ndani, vikavu, safi, akaketi akijisifu kimoyomoyo.

Rosa aliporudi akaviosha. Akaosha tena. Akachukua sindano, akachokoa. Matundu yalikuwa yameziba kabisa, isipokuwa katika visahani vitatu.

Drani akaitwa. Akavigeuzageuza, uso ukamkunjamana.

"Hii uji imeharibika," akasema. "Pengine joto ya njiani. Tunamwaga pipa yote. Koboko nitapiga simu, nasema hakuna."

Rosa akashika kichwa. Pipa lile lilikuwa la pekee, na lingine lingechukua miezi kufika.

Mindra alikuwa ameshika kimoja cha vile vitatu, anakitazama. Vitatu. Ndivyo alivyoviacha mezani! Akainua macho kwenye madirisha yaliyobandikwa karatasi za manjano. Mwezi mzima alidhani ni za kuzuia macho ya wapita njia. Kumbe zilizuia jua! Mwanga ndio uliogandisha uji mashinini, na jua nalo ni mwanga, tena mkubwa kuliko wote. Uji uliobaki ndani ya matundu uliganda huko nje, kwenye ungo wake.

Hakuna aliyemwona. Angenyamaza tu, uji ungebeba lawama, na uji hauna mdomo. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akaiona ile njia ya kurudi sokoni, kwa watu wasiomtazama. Lakini kumwaga udongo mzuri kwa kosa la mkono wake mwenyewe? Mfinyanzi gani angeweza?

"Uji haina kosa," akasema. "Ni mimi. Nilianika kwa jua. Hii tatu ilibaki kwa meza, ndiyo maana iko mzuri."

Drani akamgeukia. "Ulianika?"

"Nilianika."

Mhandisi akaweka kisahani chini, akatoka. Rosa akamshika Mindra bega, akamwambia aende nyumbani kwanza, hasira ya mzee ipoe.

Alhamisi asubuhi Mindra alikaa, akasimama, akakaa tena. Hakuna aliyemwambia aje, na hakuna aliyemwambia asije. Mwishowe akajifunga kitambaa kichwani, akashika njia, kila hatua akijitukana: mwanamke mzima, unakwenda kufukuzwa mbele za watu? Alipofika akausukuma mlango. Mashine ilikuwa inavuma, Rosa ameinamia beseni la spiriti, na mezani visahani vipya vimeanza kupangwa. Drani hakugeuka.

"Mama, funga mlango," akasema. "Jua inaingia."

Mindra akaufunga, naye yuko ndani.