Wote Walisema Watachukua Tangi

Miaka mitatu baada ya kumaliza chuo nilikuwa bado nalala sebuleni kwa dada yangu, Runzewe, kwenye godoro ambalo lilipaswa kukunjwa kabla shemeji hajaamka. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa ameanza kuniuliza kila asubuhi, akifunga kamba za viatu vyake, "Leo unaelekea wapi?" na mimi sikuwa na pa kuelekea. Nyumbani kwetu, upande wa Ushirombo, baba alikuwa ameuza ng'ombe ili nisomee maendeleo ya jamii. Sasa alituma ujumbe kwamba kama mjini kumeshindikana nirudi, kuna wazee wamekuja kuniulizia. Nilijua ni wazee wa posa. Nilijua pia kwamba nikirudi safari hiyo, sitatoka tena.

Nilishaomba kazi za mauzo hadi nikachoka kununua bahasha za kaki. Huku kwetu kazi ya mauzo ndiyo inayotangazwa kwa mtu asiye na ndugu ofisini: laini za simu, mbegu, taa za sola, vipuri vya pikipiki. Kila tangazo lilitaka uzoefu wa miaka miwili. Hao wenye uzoefu waliupata wapi, walizaliwa nao? Sijawahi kupata jibu, na swali hilo bado linaniudhi.

Aliyenisikiliza mwishowe alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Hakufungua hata bahasha yangu.

"Umewahi kuuza nini?"

"Karanga, nikiwa mdogo."

Alicheka, akanipeleka nyuma ya duka. Kulikuwa na matangi ya maji ya plastiki, meusi, aliyoyaleta kwa ajili ya msimu wa mvua uliokuwa unakaribia. Akasema nizunguke vijijini wiki nzima, nimletee orodha ya watu watakaochukua, na Jumamosi tutapakia kwenye kenta tuwapelekee. "Ukiuza hata moja, kazi ni yako," akasema. "Usipouza, tusijuane." Hakuwa anatania.

Nilizunguka kwa miguu, karatasi zangu zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilifanya nilivyolelewa. Nikifika kwenye mji wa mtu napiga magoti, naamkia, naulizwa nimetoka wapi na ni wa nani, nauliza habari za mpunga, za ng'ombe, za mgonjwa kama yupo. Nasubiri mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme, "Enhe, tueleze, umekuja na lipi?" Hapo ndipo natoa picha za matangi. Nyumba moja iliweza kumaliza asubuhi nzima. Walinisikiliza vizuri sana. Wengine waliita hata jirani aje asikie. Na wote, bila kubakiza mmoja, walisema ni jambo jema na kwamba watachukua.

Kufika Ijumaa nilikuwa na majina kumi na moja. Siku hiyo shemeji hakupata nafasi ya kuniuliza swali lake, maana nilimwahi: "Kesho nipo kazini."

Mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kujua. Baba yangu hajawahi kumwambia mgeni hapana. Nakumbuka wauza mbegu, wauza dawa za ng'ombe, hata mwanasiasa mmoja mwenye kofia: wote waliambiwa ndiyo, wakasindikizwa hadi njiani, na baba akarudi kuchukua jembe lake kana kwamba hakuna aliyepita. Kwetu kumkatalia mgeni usoni ni kumfukuza. Unamkubalia, na yeye kama ana akili ataelewa kutokana na yale ambayo hukumuuliza. Kati ya wale kumi na moja, hakuna aliyeuliza bei. Chuoni nilifundishwa kuweka alama ya vema penye ndiyo, na mimi nikaweka alama kumi na moja kama mtu asiye na masikio.

Jumamosi tulikwenda na matangi matatu kwa kuanzia, bosi mbele na dereva, mimi katikati yao. Nyumba ya kwanza tuliambiwa baba amekwenda Kagongwa. Ya pili, yuko msibani. Ya tatu mlango ulikuwa umefungwa huku moshi ukitoka jikoni. Nilipiga hodi mpaka nikaona aibu. Kwenye nyumba ya sita mwenye nyumba alikuwepo, akatukaribisha viti, akasema tangi ni zuri kweli kweli, ila ngoja kwanza ashauriane na kaka yake aliyeko Maganzo. Bosi alimshukuru. Tuliporudi kwenye gari aliniuliza taratibu, "Hawa watu wako, bei waliuliza?"

Nilikunjua orodha yangu, nikaanza kuipitia tena jina kwa jina.

"Wamekupigia kalenda, binti, hakuna anayenunua," akasema.

Tulimaliza orodha yote hata hivyo, nadhani ili nisije nikasema nilionewa. Ya kumi na moja ilipoisha alimwambia dereva ageuze. Niliona godoro la sebuleni, niliona wale wazee wa baba wamekaa uani wakinisubiri. Ndipo nikasema kuna mmoja amebaki.

Hakuwa kwenye orodha. Alikuwa mama mmoja mjane ambaye Jumatano nilijibanza kwake kukwepa jua, naye akanipa ugali na mlenda bila kuniuliza nina shida gani. Tangi sikulitaja kwake, kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na maji ya mvua hayavunwi kwenye nyasi. Tulipokuwa tunakula alinieleza kwamba ameuza mpunga wote na dume moja la ng'ombe, na pesa ya kununulia mabati ya paa iko kwenye sanduku. Fundi anakuja wiki inayofuata. Anataka msimu mmoja tu alale bila kuhamisha kitanda kila mvua inaponyesha. Nami nikamwambia ninavyohangaika na kazi. "Mungu akuone, ng'wanawane," akasema. Mwanangu. Aliniita hivyo mara nyingi siku ile.

Nilijua ninachokifanya. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema walikuwa hawajui. Mimi nilijua tangu tulipokata kona kuingia kwake.

Alitoka akifuta mikono kwenye kitenge, akafurahi kuona gari, akadhani nimekuja kumsalimia. Akatoa viti. Wakati anahangaika na viti, bosi alimwonyesha dereva kwa kidole, na tangi likashushwa katikati ya uwanja. Majirani wakasogea. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane. Na wakubwa wako, karibuni."

"Mama, huyu ndiye bosi wangu. Tangi likinunuliwa, nimepata kazi. Lisiponunuliwa, leo ndiyo mwisho wangu."

Aliliangalia tangi, akaangalia paa lake, kisha akaniangalia mimi.

"Maji yanaingiaje humo?"

"Yanatoka kwenye bati," nikasema. Nikaongeza haraka, "Lakini hata ya kisimani unaweza kumimina kwa ndoo."

Kisima kilikuwa ng'ambo ya kilima. Nilikuwa nimekipita kwa miguu yangu.

Akasema, "Mmefika mpaka hapa kwangu. Siwezi kuwarudisha hivi hivi." Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Bosi alikuwa anaongea na majirani kuhusu mvua. Mama alitoka na pesa zimefungwa kwenye kitambaa, akanikabidhi mimi, si bosi, kwa mikono miwili. "Kafanye kazi vizuri," akaniambia. Nilisema wabeja, kama tunavyoshukuru kwetu, na sauti yangu ilitoka vizuri tu, haikutetemeka hata kidogo.

Ndani ya gari bosi alinipa mkono. Kazi nimepata. Kisha akanifundisha, na kwa kweli ndiyo mafunzo pekee niliyowahi kupewa: "Kosa lako ulikwenda na karatasi. Mtu wa huku ukimletea maneno, atakujibu maneno. Mshushie tangi uani, majirani wanaona, halafu umpigie magoti. Atakukatalia vipi? Jumatatu unarudi kwa wale kumi na moja."

Nilirudi. Nilikwenda alfajiri, kabla hawajatoka kwenda shambani. Nilishusha tangi kwanza, ndipo nikaamkia. Wanne walichukua, na mmoja wao hakuniangalia usoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Shemeji aliacha kuniuliza ninaelekea wapi. Kwenye sala za jumuiya walimshukuru Mungu kwa ajili yangu, na baba akatuma ujumbe kwamba wale wazee ameshawajibu kuwa binti yake ana kazi mjini. Sasa wakija vijana wapya dukani, mimi ndiye ninayewafundisha. Naambiwa ninafundisha vizuri.

Mvua za kwanza ziliponyesha mwaka ule tulikuwa tunapeleka mzigo upande ule ule. Dereva alitaka kupita kwa yule mama, kwa sababu ndiyo njia fupi. Nilimwambia njia ile ina tope, tuzunguke. Sijui kama ina tope. Sijapita huko tangu siku ile.