Upande wa Kushoto wa Mama

Mama yangu hakuwahi kuacha salamu ya mtu ikae hewani. Kwetu Bungoma, ukimpita mtu bila kumsalimu afadhali ungemtukana, maana tusi husahaulika. Ndiyo sababu kilichotokea nyumbani kwangu Kitale, mwaka ule alipopatwa na kiharusi, kilituumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilikuwa nimemchukua nikae naye. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea, ingawa bado uliweza kushika. Nilimwekea kiti apate jua la asubuhi, mlango ukawa kushotoni kwake. Mama mdogo, mdogo wake wa pekee, akaja kutoka Bungoma na kuku jike kwapani. Akaingia, akainama, akanyoosha mkono.

"Mulembe, dada."

Mama akageuza uso, akatazama kulia, ukutani. Mama mdogo akarudia salamu kwa sauti zaidi. Mama akazidi kuutazama ukuta.

Kuku alibaki, mama mdogo akaondoka bila hata chai. Bungoma nzima ikaambiwa ati dada mtu amekula mahindi ya Kitale akasahau watu wake. Wageni wakapungua. Wale wachache waliofika waliingia kwa mlango uleule, wakageuziwa uso uleule, nao hawakurudi.

Mama akawa analia. "Ndugu zangu wamenitupa. Hata mdogo wangu hajakuja kuniona." Nilitamani kupiga mayowe. Amekuja, mama! Kuku wake si huyo hapo nje anataga! Mimi nina hasira za karibu, na hasira ikikosa wa kumwangukia hukutafuna wewe mwenyewe.

Mezani alikula nusu ya ugali, ile ya kulia, kisha akauliza mbona namnyima chakula. Nikizungusha sahani, alinishukuru kwa kumwongezea.

Tulimwona daktari wa mazoezi. Akanieleza kwamba macho ya mama ni mazima. Ni akili iliyoacha kuangalia kushoto, na kwake yeye upande huo haupo kabisa.

"Kuona si kazi ya macho peke yake," alisema. "Huo mkono wa kushoto ukifanya kazi, unaweza kuvuta akili ije upande wake. Lakini autumie mwenyewe. Wewe ukimtikisia, ni bure."

Mpira wa kufinya mama aliukataa, ati yeye si mtoto. Siku moja nikiwa nimekata tamaa nikamwekea mapajani ungo wa maharagwe. Alikuwa amepepeta maisha yake yote. Mikono ikashika ukingo, huku na huku, ikarusha. Makapi yakapaa.

"Shii! Kuku hii, toka!"

Kuku wa mama mdogo alikuwa amesimama kushotoni kwa mama. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha. Ila mkono ulipochoka na ungo kutua, kuku alirudi akadonoa maharagwe palepale kushotoni, na mama hana habari.

Hilo dirisha dogo la kuona kushoto ndilo lililonifanya nimpeleke Bungoma, pamoja na ungo wake. Mama mdogo alitupokea uani kwake kwa uso mkavu. Akavuta kigoda akaketi kushotoni kwa mama. Nilimweleza maneno ya daktari, nikamsihi asogee upande wa pili.

"Si uniache, bana. Ati macho ni mzima lakini mimi hanioni? Kama ananitaka, ataniona hapa hapa."

Sikubishana naye. Nilimwaga maharagwe kwenye ungo. Mama akashika ukingo, akaanza kupepeta, taratibu, kisha kwa nguvu. Mama mdogo alitazama pembeni. Baadaye jiwe dogo likaonekana katikati ya maharagwe, naye kwa mazoea ya utotoni akapeleka vidole kulitoa. Mama akavitazama vidole vile. Akaufuata mkono hadi usoni.

"Wewe! Umekuja saa ngapi? Nimekungoja mpaka nikachoka."

"Niko hapa, dada," mama mdogo akasema, na uso mkavu ukalowa.

Mama akacheka, akaendelea kupepeta, wakaongea habari za mvua na za shamba. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Ukateleza, ukaanguka pajani. Mama akageuka kulia, kwangu.

"Ameenda? Hata chai hajakunywa."

Mama mdogo alikuwa ameketi palepale, goti lake likigusa kiti cha mama. Nikamwambia tena asogee kulia. Hakunisikia. Aliuchukua ule mkono uliolegea, akaurudisha kwenye ukingo, akaufunika kwa wake, akaanza kupepeta kwa nguvu zake zote. Maharagwe yaliruka, mengine yakamwagika.

"Dada, ona. Ona, niko hapa."

Mama aliukodolea macho ungo ule, kisha akanitazama kwa hofu.

"Nani anautikisa?" akauliza.