Alama Kwenye Sikio la Kulia

Kwenye kijia kimoja cha Kabiria, katikati ya fleti mbili za ghorofa tano, kulikuwa na robo ekari iliyopata jua saa sita na kulipoteza saa nane. Hapo ndipo Gerishon alipofugia mbuzi. Alikuwa na miaka sitini na sita, magoti mabovu, na sauti ya mtu aliyezoea kuita wanyama walio mbali, ingawa siku hizi mbali palikuwa hapo tu ukutani. Baba yake alikuja kutoka Ndeiya na mbuzi wanne, wakati Kabiria yote ilikuwa mahindi na viazi. Mashamba yakawa mitaa, mahindi yakawa vyumba vya kupangisha. Mbuzi walibaki, na wao waliofika kwanza ndio wakaanza kuitwa kero.

Fleti moja kati ya zile mbili ilikuwa ya mdogo wake, Mwaura, aliyejenga kwenye fungu lake la urithi. Robo iliyobaki, yenye boma la mbuzi na nyumba ya mabati ya Gerishon, ilikuwa bado na majina yao wote wawili kwenye hati. Bila sahihi ya Gerishon haingeuzwa. Mwaura alikuwa ameisaka sahihi hiyo kwa miaka minne.

"Geri, hizi mbuzi zako zinanuka mpaka ghorofa ya nne," alisema asubuhi moja ya Desemba, ameegemea ukuta na kikombe mkononi. "Juzi mama mmoja ameniuliza kama kuna choo imepasuka."

"Mwambie hiyo ni harufu ya maziwa."

"Maziwa yake inatoka kwa pakiti."

"Ndiyo maana hata adabu yake ni ya pakiti."

Mwaura alicheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini kusema ukweli, ndugu yangu, hii si kazi tena. Mwaka juzi baridi ya Julai ilikumalizia vitoto sita. Mwaka jana wengine wakafa tumbo imejaa karatasi za nailoni. Unafuga ama unazika?"

Swali hilo lilimchoma kwa sababu alikuwa ameshajiuliza mwenyewe. Ila mwaka huu alikuwa na jibu. Binti yake Shiku, aliyesuka nywele Kenyatta Market, alikuwa na mteja aitwaye Mwanasiti, mwenyeji wa Mombasa. Mumewe Mwanasiti, Athman, alikuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji, na kila mwaka jamaa za msikiti wao walimtuma awatafutie mbuzi wa kuchinja Idd. Alichoka kudanganywa na madalali. Alitaka mfugaji mmoja, anayejulikana, wa kila mwaka. Gerishon alikuwa na maksai kumi, madume waliohasiwa, waliokuwa wakiingia mwaka wa tatu, wanene, manyoya yanang'aa.

"Sikiza," akamwambia ndugu yake. "Athman akichukua hawa kumi kwa Idd, shamba linabaki shamba, na usiniletee tena hiyo habari. Asipowachukua, leta karatasi nitie sahihi."

Mwaura akapitisha mkono juu ya ukuta. Wakashikana.

Athman alifika Januari, mwanamume mwembamba wa makamo, kanzu yake ameikunja mpaka magotini kwa ajili ya matope ya mifugo. Hakuwa mtu wa haraka. Alimfungua kila mbuzi mdomo akatazama meno ya mbele, akawatembeza mmoja mmoja, akawapapasa pembe.

"Mashaallah, mzee wangu, umewalea," alisema. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Siku nitakayowajia niwakute kama nilivyowaacha leo. Wasiwe na kasoro."

"Kasoro haiwezi kuingia hapa," Gerishon akajibu, na kichwani mwake kasoro ilikuwa kikohozi, upele, kuchechemea na mbavu za kuhesabika. Hakuuliza zaidi. Angeulizaje? Alifuga mbuzi tangu akiwa mtoto.

Kisha kiangazi kikaja kwa nguvu. Mwezi wa Februari hapakuwa na jani la kijani kutoka Kabiria mpaka Kawangware. Gerishon alisukuma mkokoteni wake hadi Hurlingham, ambako mtunza bustani mmoja, Haron, alimwekea majani ya ua aliyoyakata kwenye fleti za wenye nacho. Huko nyasi zilimwagiliwa maji asubuhi na jioni ili ziwe za kutazamwa tu, hakuna aliyezila wala kuzilalia, na wiki hiyohiyo mifereji ya Kabiria ilikuwa ikitoa upepo. Gerishon alikuwa akinunua maji ya mitungi, na kabla hajanywa yeye wakanywa mbuzi. Maganda ya viazi aliokota kwa wachoma chipsi, akayachambua moja moja kwa vidole kutafuta nailoni. Shiku akirudi kutoka kazini alimkuta bado ameinama.

"Baba, hata mimi sikuchambuliwa hivyo chakula."

"Wewe ulikuwa na akili ya kutema."

Maksai kumi walivuka kiangazi. Mvua za masika ziliponyesha, kijia kikawa uji mweusi, na kazi ikawa ya kwato: kuzichonga, kuzikausha, kuwapandisha wote kwenye sakafu ya mbao wasisimame majini. Hilo nalo wakalivuka. Ndipo, mwishoni mwa Aprili, Gerishon akaamka na kukuta ubao mmoja wa boma umeng'olewa na majike wawili hawapo.

Aliwapata saa nne asubuhi, wamefungwa nyuma ya kibanda cha mwuza nyama kando ya barabara. Aliwajua kama mtu anavyojua sauti ya mwanawe.

"Hizo ni zangu."

Mwenye kibanda hakuacha hata kunoa kisu. "Ziko na jina? Ziite tuone kama zitaitika."

Waliokuwa wakingoja nyama wakaangua kicheko. Gerishon akaenda kituo cha polisi. Askari alimsikiliza kwa heshima, akafungua kitabu, akauliza, "Mzee, mbuzi wako wana alama gani?"

Gerishon akafikiri. "Mmoja ni mweupe ana doa la kahawia shingoni."

"Hilo ni rangi. Mbuzi weupe wako wengi. Nauliza alama, ya mwenyewe."

Hakuwa nayo. Aliporudi kwenye kibanda, ngozi mbili zilikuwa zimetundikwa kwenye ua.

Alitembea hadi nyumbani bila kuona njia. Kilichomtesa hakikuwa wale wawili, bali wale kumi: mwizi aliyekijua kile kijia angerudi, na ikiwa angewachukua maksai wa Athman, Gerishon angesimama tena mbele ya kitabu cha askari na kutaja rangi. Akakumbuka baba yake. Kule Ndeiya, ambako mbuzi wa nyumba ishirini walichungwa pamoja, kila nyumba ilikuwa na mkato wake wa sikio. Wa kwao ulikuwa ncha ya sikio la kulia, kipande cha upana wa vidole viwili, na hapakuwa na mwizi wala mzee wa baraza aliyeweza kubisha.

Jioni hiyohiyo akanoa wembe. Shiku aliwashika mmoja baada ya mwingine, magoti yake yamewabana, uso ameugeuza. Walilia kama watoto. Gerishon alikata kwa mkono mwepesi, akapaka majivu na dawa ya vidonda, akasema na kila mmoja maneno ya kumtuliza. Ilipofika zamu ya wa kumi, matone ya damu yalikuwa yamechuruzika hadi mabegani mwao na yeye alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sasa hata wakiwapeleka Namanga, nitawajua."

Wiki mbili baadaye Athman alipiga simu. "Mzee wangu, wangu hawajambo?"

"Hawajambo kabisa. Na nimewawekea alama."

"Alaa, vyema sana. Ili wasichanganyike na wengine."

"Hawatachanganyika."

Kwa Athman, aliyenunua mbuzi sokoni maisha yake yote, alama ilikuwa mstari wa rangi mgongoni. Kwa Gerishon alama ilikuwa ile ya baba yake. Neno lilikuwa moja, kila mmoja akakata simu ameridhika.

Siku tatu kabla ya Idd, pikapu ilirudi nyumanyuma kwenye kijia mpaka mlangoni mwa boma. Ilikuwa asubuhi ya baridi yenye manyunyu. Mwaura alishuka kutoka kwake akasimama ukutani, na Gerishon akamsalimu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Maksai walikuwa wameoshwa. Vidonda vilikuwa vimepona vizuri, bila usaha, bila kovu baya. Athman aliingia akinyoosha mkono wa salamu, na mkono ukabaki hewani.

"Huyu sikio limefanya nini?"

"Alama," Gerishon akasema. "Nilikuambia."

Athman alimshika mbuzi wa kwanza, akapitisha kidole pale sikio lilipoishia. Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa wa tatu. Alipofika kwa wa kumi alichuchumaa akabaki hivyo.

"Umewakata wote?"

"Wote. Niliibiwa wawili. Nilitaka wako wasiguswe."

"Ewe mzee wangu," Athman akasema polepole. "Mbuzi huyu si wa kitoweo. Anatolewa kwa Mungu. Kwa mafundisho tunayoyafuata, hatoki na sikio pungufu. Lingepasuliwa tu, nyama yote ikabaki, ningewauliza masheikh. Lakini hapa kipande kimetoka. Haisihi, haikubaliki."

"Ni ncha tu. Tazama, ni mzima. Mpandishe kwenye mizani ukitaka!"

"Najua ni mzima. Kwako na kwangu ni mzima."

"Uliniambia kasoro. Hukuniambia sikio."

"Kweli." Athman alipangusa uso. "Nilidhani hilo halihitaji kusemwa. Na wewe uliniambia alama, nami sikukuuliza. Wallahi tumekosa sote, lakini siwezi kuwapelekea watu kumi walioniwekea amana kitu nijuacho hakifai."

Hakukuwa na mtu wa kumpiga ngumi, na pengine hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Mwizi alikuwa ameshakula na kusahau. Mwenye kibanda alikuwa bado akiuza nyama. Askari aliuliza swali la haki. Katika jiji zima aliyeadhibiwa alikuwa yule mmoja aliyelinda amana ya mwenzake kwa namna pekee aliyofundishwa. Athman alimshika Gerishon mikono yote miwili kwa muda mrefu, kisha pikapu ikaondoka tupu, kwenda kuwatafuta madalali.

Mwaura aliondoka ukutani. Alizunguka, na alipofika bomani alivua kofia. "Tuliongea," alisema tu.

"Tuliongea."

"Baba, ilikuwa bahati mbaya," Shiku akaingilia. "Ami, hata wewe umeona! Mpe mwaka mmoja."

"Nyamaza, mama," Gerishon akamwambia binti yake kwa upole. "Sikusema Athman akiwachukua kama bahati ni nzuri. Nilisema akiwachukua."

Maksai walichukuliwa Ijumaa na mchoma nyama wa Kenyatta Market, ambaye hakutazama masikio. Majike waliobaki walikwenda kwa jamaa wa Ndeiya. Karatasi zilitiwa sahihi juu ya pipa la maji, na Gerishon akaandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, kama anayelisoma.

Jumatatu mpima ardhi alifika peke yake. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa. Alitazama huku na huku, akamwona mzee amesimama mlangoni mwa boma tupu, mikono haina kazi.

"Shikamoo mzee. Utanisaidia kidogo? Nishikie ncha ya utepe hapo kwa kona."

Gerishon akaingia kwenye tope la samadi, akainama kwa shida, akaibana ncha ya utepe kwenye jiwe la mpaka. Mpima akarudi nyuma akiufungua, akapita palipokuwa hori, akapita palipokuwa jiko la Shiku, mpaka kwenye ukuta wa Mwaura.

"Vuta mzee. Kaza. Hapo, hapo, usitikisike."

Gerishon akakaza.