Walitafuta Mimba, Wakaacha Nyongo

Nilikuwa na miaka kumi na mitano maumivu yaliponianza, chini ya mbavu za kulia, yakipenya hadi mgongoni. Yakija, sisemi wala silii. Najikunja sakafuni kwetu Mji wa Kale, natapika mpaka nabaki kukokomoka bure. Yakiondoka, nakuwa mzima kabisa, kama mtu aliyekuwa akiigiza. Hilo ndilo lililowafanya watu wasiniamini.

Daktari wa kwanza, kule Makupa, hakunigusa hata kidogo. Aliandika huku akichungulia simu yake. "Vidonda vya tumbo," akasema. "Aache pilipili, anywe maziwa." Mama yangu, mtu wa kutii, akaninywesha maziwa mazito yenye malai juu. Maumivu yakazidi. Tuliporudi, yule bwana akaandika dawa ile ile, ila nyingi zaidi.

Wa pili alikuwa msomi hasa, kwa hivyo naye akakosea kisomi. Alimtoa mama nje, akafunga mlango, akaniuliza mpenzi wangu ni nani. Nikamwambia sina. Akatabasamu kama mtu aliyeuzoea uongo huo. Akaagiza nipigwe picha ya kizazi. Haikuonyesha kitu, naye akanuna, ungedhani nimemfichia mtoto.

"Ni wasiwasi wa mitihani," akaamua.

Mitihani! Tulikuwa likizoni.

Shangazi yangu naye akaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji, ninywe. Sikumcheka. Yeye angalau aliniwekea mkono pale panapouma.

Siku ya Idi, baada ya biriani, nikaanguka mlangoni. Mama akanifunua kope, akaona macho yamegeuka manjano. Akanirudisha kwa yule msomi, na safari hii utiifu wake aliuacha nyumbani.

"Mpige picha tumbo la juu," akamwambia.

"Mama, kwani wewe umesomea udaktari?"

"Sikusomea. Lakini mwanangu aumwa mbavuni, nawe wamtafuta kinenani. Hatuondoki hapa."

Picha ikapigwa. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimejaa mawe, na jiwe moja limeziba njia. Msomi akakohoa kidogo, akasema mawe haya kwa kawaida huwapata wanawake wa makamo, tena wanene. Alivyonitazama, ni kama kosa lilikuwa la umri wangu.

Nikapasuliwa, kifuko kikatolewa, na maumivu yale hayajarudi tena. Asubuhi ya kuruhusiwa, yule msomi alikuja kitandani pangu na wanafunzi wake, akawaeleza namna "tulivyoshuku nyongo tangu mwanzo." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama alikuwa akinivisha buibui, hata hakugeuka.

"Vaa viatu, mwanangu, twende zetu," akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Uongo nao waambukiza."

Mwanafunzi mmoja alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya.