Kasuku Aliyewika

Kasuku wa mama yangu alijifunza kuwika kutoka kwa jogoo wa jirani, hapo kwetu Mamboleo, na baada ya muda akamshinda mwalimu wake. Sisi tulicheka tu, hadi siku bibi, mama mzaa baba, alipokuja kutoka Sondu kukaa nasi.

"Hiyo kitu ni mwanamke ama mwanaume?" akauliza kabla hata ya kuketi.

Hakuna aliyejua. Kwa macho, kasuku dume na jike hawatofautiani.

"Kama ni mwanaume, awike. Kama ni mwanamke, kisu. Kuku mwanamke ikiwika, mtu anakufa kwa hiyo boma."

Mama akalia. Mimi nilikasirika, maana tangu lini kasuku akawa kuku? Lakini nani wa kubishana na bibi? Dada yangu, muuguzi Uingereza, ndiye aliyetuokoa kwa simu: kule kulikuwa na maabara ya kupima DNA ya ndege, ila walitaka manyoya yaliyong'olewa pamoja na mizizi yake. Kung'oa kulikuwa vita. Baba, mzee wa kanisa, aliumwa kidole, akatamka neno ambalo halimo katika kitabu cha nyimbo.

Tukayatuma, tukasubiri wiki baada ya wiki. Kasuku hakuacha kuwika, na katikati ya hayo akajifunza kumwamkia bibi kwa Kijaluo kila asubuhi: "Oyawore, Dana!" Bibi akawa anaitikia, kwanza kwa ukali, kisha kwa kirefu, pamoja na habari za ng'ombe na za magoti yake.

Simu ilipolia, baba aliipokea, nami nikabandika sikio kando. Nilimsikia dada waziwazi: "Ni jike." Mama alikuwa amekumbatia tundu kwa mikono miwili. Baba, ambaye hakuwahi kumdanganya hata karani wa sensa, akamtazama mama, akakohoa.

"Dume," akasema.

Mama akacheka huku akilia. Bibi akamshukuru Mungu, akaomba chai.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta bibi peke yake mbele ya tundu, amefumbata yai dogo jeupe. Akalifunga kwenye pindo la leso yake, akanikazia macho.

"Usiambie baba yako," akanong'ona. "Alifurahi sana hiyo siku. Wacha akae akijua ni mwanaume."